Binti kaondolewa chuoni, mchezaji kaketishwa safu ya mbele: je, dini ina mizani mbili?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wangu. Mimi ni mama wa hapa Mikindani, mjane. Binti yangu ana miaka 19, alikuwa akisomesha watoto wadogo kwenye chuo cha Qur'ani. Msimu wa korosho uliopita alikuja msanii kufanya shoo Mtwara, wakapiga video ufukweni, binti yangu na wenzake wakaingia kucheza. Ameonekana kichwa wazi, muda mfupi tu, lakini video imesambaa. Kamati ya msikiti imemwondoa bila hata kumwita, na waliokuwa wamemposa wamerudisha maneno. Mwezi huohuo alirudi nyumbani kijana wetu anayecheza mpira timu kubwa. Amempa mimba binti wa jirani yangu, mwenyewe hakatai, hajaoa wala haleti matumizi. Wakamsomea dua msikitini, akaketi safu ya mbele, akatoa pesa ya mazulia. Yule msanii naye alipoleta sadaka ya Ramadhani alipokewa. Nilipouliza nikajibiwa, "mwanamke ni mwanamke." Sasa binti ameacha kuswali, anasema msikiti wetu ni wa wenye majina. Je, dhambi ya mnyonge ni nzito kuliko ya mtu maarufu? Na alilofanya binti yangu, hukumu yake nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Swali lako limenifikia kwa sauti, dakika nne na ushee, nami nimelisikiliza mara tatu. Nyuma yako nasikia kinu kinatwanga, halafu mwishoni kabisa kuna sauti ya msichana: "Mama, acha, usimsumbue shekhe." Nadhani ni yeye. Maneno yale manne yameninyima usingizi.

Hukumu nitaitanguliza maana ni fupi. Binti alikosea. Kucheza kichwa wazi mbele ya wanaume wasio maharimu zake, na picha ikabaki inazunguka kwenye simu za watu, hakumfai Muislamu, sembuse anayesomesha Qur'ani. Toba yake ni kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Na kwa kuwa kosa lilitoka hadharani, awaombe wenye video wamwondoe humo. Wakikataa, hana deni lingine. Hakuna kafara, hakuna faini ya kamati, hakuna kutengwa. Swala haikumwondokea hata siku moja. Kama wangemwita, wakamsikiliza, wakamsimamisha kusomesha kwa muda, ningewaelewa, maana mwalimu hutazamwa na watoto. Kumfukuza bila kumwita ni dhuluma, na neno hili nimelipima kabla ya kulitamka.

Sasa lile swali lako la kwanza. Mwaka Makka ilipofunguliwa, mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo mkubwa katika Makuraishi, aliiba. Jamaa zake wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume (S.A.W.), akamwombee. Mtume akakasirika, akasimama kuhutubia: waliokuwa kabla yenu waliangamia kwa sababu mwenye cheo akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimsimamishia adhabu; naapa kwa Mwenyezi Mungu, lau Fatima binti Muhammad angeiba, ningemkata mkono. Hadithi hii wajumbe wa kamati yenu wanaijua. Nina hakika wameshaisikia kwenye khutba mara nyingi, na huenda yupo anayeihifadhi kwa Kiarabu.

Lakini tunaikatiza. Khutba zetu huishia kwenye mkono wa Fatima, watu wakaitikia, tukashuka mimbarini. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kilichofuata: mwanamke yule alitubu, toba yake ikawa njema, akaolewa, na baada ya hapo alikuwa akimjia yeye Aisha na haja zake, naye akizifikisha kwa Mtume. Aliolewa, dada yangu. Aliyeiba, akaadhibiwa, jina lake likavuma Makka nzima, akapata mume, na mlango wa nyumba ya Mtume ukabaki wazi kwake. Sasa pima na binti aliyecheza dansi ufukweni Mikindani, washenga wakarudisha maneno na kamati ikamfungia mlango wa chuo. Waliofanya hivyo wanadhani wamekuwa wakali zaidi kwa ajili ya dini. Ukali uliozidi wa Mtume hauna mwalimu.

Nije kwenye jibu ulilopewa, kwamba mwanamke ni mwanamke. Nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na wanaolisema huliweka kama aya. Aya zenyewe zinasema vingine. Suratun Nuur inapotaja zinaa imemtaja mwanamke na mwanamume pamoja, adhabu moja, idadi moja. Sura hiyohiyo ilipokuja kwenye macho na stara, aya ya 30 imeanza na wanaume: waambie Waumini wanaume wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao. Wanawake wamefuata katika aya ya 31. Je, katika kikao kilichomwondoa binti yako, kuna aliyeuliza wajumbe wangapi wameitazama ile video, na mara ngapi, na nani aliyemrushia mwenzake? Wote walikuwa nayo kwenye simu. Wameisoma aya ya pili, ya kwanza wameiruka.

Watasema heshima ya ukoo imo kwa binti. Haya. Basi heshima ya ukoo wa yule binti wa jirani, ambaye sasa amebeba mimba, imo kwa nani? Mbona aliyeivunja amesomewa dua? Na Disemba ngoma za unyago zikilia, wasichana wadogo kuliko huyu huchezwa mbele ya mtaa mzima, na wajumbe walewale hupeleka mchele. Unyago una mazungumzo yake marefu, siyaingii hapa.

Jibu la pili, ambalo hukuambiwa lakini ndilo lililomo mioyoni, ni kwamba mchezaji ana faida na msikiti. Mazulia, saruji, umeme wa luku. Hili nitalisema kwa ukali kidogo, na wanisamehe. Mtume wetu alikuwa amekaa na wakubwa wa Kikuraishi akitaraji wasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, masikini, anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akageuka. Zikateremka aya za mwanzo za Suratu Abasa kumlaumu. Aliyelaumiwa ni kipenzi cha Mwenyezi Mungu, na alilolitaraji kwa wale wakubwa ni uongofu wao. Sisi tumempa mgongo masikini kwa ajili ya mazulia. Tutajibu nini?

Kuna wanaosema michezo na burudani ni dunia yake, ina sheria zake, tusiichanganye na dini. Mimi sikatai mpira. Wahabeshi walicheza na mikuki ndani ya msikiti wa Mtume siku ya Idi, na Bibi Aisha akitazama, Mtume akimkinga. Ninachokataa ni kuileta mizani ya dunia hiyo ndani ya msikiti, kwa sababu tunajua inavyopima. Muhammad Ali alipokataa kwenda vita ya Vietnam mwaka 1967 kwa ajili ya imani yake, tume ya michezo ya New York ilimnyang'anya leseni ya ngumi. Mwaka 1970 jaji akakuta kwamba tume ileile iliyomnyima ilikwishawapa leseni watu waliopatikana na hatia mahakamani, mara zisizopungua 244. Mwaka 2004, kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani, mkono wa mwimbaji Justin Timberlake ndio uliovuta nguo ya mwimbaji mwenzake Janet Jackson jukwaani, kifua kikaonekana mbele ya mamilioni ya watazamaji. Wiki iliyofuata kwenye tuzo za muziki mwanamume alikuwepo, akaomba radhi, akachukua tuzo zake, mwanamke hakuwepo. Mwaka 2018 mwanamume akarudishwa kwenye jukwaa la fainali hiyohiyo. Wale hawakudai kwamba wanafuata Qur'ani. Sisi tunaodai, tumefanya lilelile kwa binti wa mjane.

Na hapa lazima niseme langu. Mwaka 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa ilianza kudhamini Simba na Yanga zote mbili, na jezi zenye jina la kamari zikafika mpaka vyuoni kwetu. Kamari ni haramu kwa aya ya wazi, Suratul Maida aya ya 90, haina mjadala. Kuna siku mtoto wa miaka minane hivi alikuja kunisomea, Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur'ani, kwapani, kifuani jina la kampuni ya kubeti kwa herufi kubwa. Nilimsahihisha matamshi ya herufi dhaad. Jezi sikuisema. Baba yake alikuwa akitusaidia luku ya msikiti. Angekuwa ni binti kaja na mtandio mwepesi, ningemrudisha nyumbani siku hiyohiyo, najijua. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na tangu nilisikie swali lako nimemwendea yule baba, tumezungumza vizuri.

Wala asiseme mtu kwamba mchezaji hawezi kujizuia. Frédéric Kanouté, mwanasoka Muislamu, akiwa Sevilla ya Hispania mwaka 2006, alivaa jezi isiyo na jina la kampuni ya kamari iliyokuwa vifuani mwa wenzake, na mwaka uliofuata akalipa zaidi ya euro 500,000 ili msikiti wa mji ule usiuzwe. Mazulia ya namna hiyo hayamfungi mtu mdomo.

Lakini dada yangu, usinielewe kwamba nataka kijana wenu afukuzwe msikitini. Hapana. Umesema mwenyewe hakatai. Yangekuwa maneno ya mtaani nisingeyagusa, maana dini imetaka mashahidi wanne na imewaonya wanaosingizia. Ila hata kwa aliyekiri, mlango wa msikiti ni wake. Katika zama za Mtume alikuwepo mtu aitwaye Abdullah, watu wakimwita Himar, alikuwa akimchekesha Mtume. Alikunywa pombe, akaletwa, akachapwa, akarudia, akaletwa tena. Siku moja mtu akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akasema: msimlaani, Wallahi ninachokijua mimi ni kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa, na mapenzi hayakuondolewa. Kijana wenu amepewa mapenzi, hakupewa nasaha. Binti yako amepewa adhabu, hakupewa mapenzi. Wote wawili wamepunjwa.

Sisi watu wa korosho tunajua maana ya kupunjwa. Mkulima akifika ghalani na magunia yake akaona mizani inacheza, hukasirika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na ana haki. Mwenyezi Mungu ameshusha sura juu ya hili: ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu huchukua kamili, na wakiwapimia wao hupunguza. Suratul Mutaffifiin imo ndani ya Juzuu Amma, na binti yako kaisomesha kwa sauti yake mbele ya watoto wa wajumbe hao.

Sasa nikunasihi na wewe, kwa upole. Katika sauti yako ya dakika nne umemtaja binti wa jirani mara moja tu, kama ushahidi dhidi ya mchezaji. Je, umeshakwenda kumwona? Nani anampeleka kliniki? Huyo hakuketishwa safu yoyote, na katika kisa hiki chote ndiye asiyetajwa na mtu. Nenda na binti yako. Waambie wazee wake kwamba mtoto atakayezaliwa hana dhambi hata chembe, na kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mama njia ya kudai matunzo kwa baba. Waanzie ofisi ya ustawi wa jamii, wasione haya. Kijana naye aambiwe hivyo na imamu, ana kwa ana, kabla ya dua nyingine.

Waliorudisha posa, waache waende. Siwezi kuwalazimisha, na nyumba inayoogopa simu ya jirani ingemtesa.

Kuhusu swala, usimpigie kelele. Aliyeondolewa kwa kelele harudishwi kwa kelele. Wewe tandika mswala wako karibu naye, uswali, ubaki umekaa kidogo. Akisema msikiti ni wa wenye majina, usimbishie. Mwambie shekhe amekubali kwamba amedhulumiwa, na kwamba kuacha swala ni kuwaachia wale waliomdhulumu hata kile ambacho hawakuweza kumnyang'anya.

Nimeshazungumza na imamu wenu, naye ameahidi kamati itakaa upya na binti ataitwa asikilizwe, wewe ukiwa pembeni yake. Alhamisi baada ya Alasiri nitafika Mikindani, inshallah. Mwambie asiogope, sitamuuliza habari ya video. Nataka anisomee Mutaffifiin kama alivyokuwa akiwasomesha watoto, kisha twende wote kwenye kikao.

Wallahu a'lam.