Jean-Marc Ayrault: safari yake ya kisiasa na matamko yake

Ndugu, umeuliza Jean-Marc Ayrault, Waziri Mkuu wa zamani wa Ufaransa, alitokea wapi kisiasa, na kwa nini alitangaza mali zake hadharani. Alikuwa mwalimu wa Kijerumani, akawa meya wa Saint-Herblain mwaka 1977 akiwa na miaka 27 tu, kisha akaongoza jiji la Nantes kuanzia 1989 hadi 2012, huku akiwa mbunge wa Chama cha Kisoshalisti, mpaka Rais François Hollande alipomteua kuwa Waziri Mkuu.

Kuhusu mali, chanzo ni Jérôme Cahuzac, waziri wake wa bajeti, aliyekiri Aprili 2013 kwamba alikuwa na akaunti ya siri ng'ambo. Ndipo mawaziri wote, Ayrault akiwemo, wakachapisha orodha za mali zao mwezi huohuo, na sheria za Oktoba 2013 zikaunda mamlaka huru ya kuzikagua. Tafadhali usichanganye tamko la mali na tamko la maslahi, ambalo hueleza kazi zilizomlipa kiongozi katika miaka mitano iliyotangulia, hisa anazomiliki na kazi ya mwenza wake. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa humwonyesha mwananchi ni nani anayeweza kumshawishi kiongozi huyo anapofanya uamuzi.