Mishale ya kaboni kwa upinde wa paundi 40
Kaka, kama upinde ni paundi 40 (nguvu ya kuuvuta) na unavuta inchi 28, hiyo mishale ya spaini 340 (namba ya ugumu wa mshale) unayouziwa hapo Nakuru achana nayo, ni migumu sana kwako. Namba ikipanda mshale ndo unalegea, wengi huchanganyikiwa hapo. Tafuta 500 ama 600 na usiikate kwanza, mshale mrefu hulegea zaidi so utapunguza polepole ukijaribu. Piga mmoja bila manyoya, kwa mtu wa mkono wa kulia mshale ukienda kushoto bado ni mgumu, weka kichwa kizito. Manyoya yawe ya bata mzinga, ya plastiki yakigusa upinde mshale unaenda ovyo tu. Na kila mara ukunje mshale kidogo usikize, ukilia tupa, kaboni ikipasuka inaingia mkononi.