Maswali ya Gereji: Injini imefungwa upya, tuivute kwa kamba?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, injini ya petroli 2F, niliyoachiwa na babu mzaa mama. Injini ilishushwa mwaka jana. Bloku imechongwa, krenki imesagwa, pistoni na ringi ni mpya, kemshafti mpya pamoja na tapeti zote 12. Imefungwa kwenye gari tangu Juni lakini haijawahi kuwashwa, nilikuwa nahangaikia rejeta. Sasa kila kitu kipo. Fundi wangu anasema injini mpya huwa nzito na stata haitaiweza, kwa hiyo tuivute kwa lori mpaka iwake, halafu tuiache sailensi, yaani iungurume bila kukanyagwa mafuta, kutwa nzima ijizoeshe yenyewe. Nilipomuuliza habari ya oili akasema oili ni oili. Nimfuate?
— Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hiyo kamba mrudishie mwenye lori.

Najua desturi hiyo imetoka wapi. Betri zilikuwa mbovu, stata zimechoka, na fundi alitaka kumaliza kazi kabla jua halijazama. Lakini injini iliyofungwa sawasawa huzunguka kwa mkono. Toa plagi zote sita, shika hendeli kama gari bado linayo, au weka soketi yenye mpini mrefu kwenye nati ya mbele ya krenki, kisha zungusha polepole mizunguko miwili kamili. Utasikia uzito, ndiyo, maana ringi ni mpya, lakini uwe uzito wa namna moja mwanzo hadi mwisho. Ikifika mahali ikakaza, halafu ikaachia, halafu ikakaza tena palepale, kuna beringi au konrodi (mkono wa pistoni) inayobana, na hapo ni kufungua sampu, lile beseni la oili chini ya injini, hakuna njia ya mkato. Stata ingekataa na kukupa habari mapema. Lori halikatai. Litaizungusha hivyo hivyo mpaka beringi iungue.

La sailensi ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu umeweka kemshafti mpya, ule mhimili wenye vinundu (kemu) vinavyosukuma tapeti ili valvu zifunguke. Tapeti za 2F zina uso bapa unaoburuzwa moja kwa moja na kemu. Hazina roli chini. Kila tapeti inatakiwa izunguke kidogo kidogo kwenye tundu lake huku kemu ikiisukuma, na nyuso hizo mbili zikubaliane ndani ya dakika chache za mwanzo. Oili inayofika pale, sehemu kubwa ni ile inayorushwa na krenki na konrodi zikizunguka kwa kasi. Kwenye sailensi hairushwi ya kutosha, na springi za valvu zinakandamiza vilevile. Matokeo yake ncha ya kemu inalika. Valvu moja haifunguki vizuri, gari linapiga misi, kabureta inakohoa, na unga wa chuma umeshasafiri hadi kwenye beringi zako mpya. Mwenye gari humlaumu muuza spea.

Kwa hiyo injini hii ikishawaka inapelekwa moja kwa moja kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika na kukaa humo kwa dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kati ya 1,500 na 2,500. Sailensi utaisikiliza baadaye. Kazi yote iliyobaki ni kuhakikisha kwamba inawaka mara moja, bila kuhangaishwa na stata, na ikishawaka hakuna sababu ya kuizima.

Tuanze na oili, maana si kweli kwamba oili ni oili. Kinachokinga kemu na tapeti za aina hii ni zinki na fosforasi. Tangu madaraja ya ubora wa oili ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, yaani SM ya mwaka 2004 na SN ya 2010, fosforasi katika oili nyepesi za petroli, kama 5W-30 na 10W-30, imewekewa kikomo cha asilimia 0.08 ili isiharibu kataliti, vile visafisha moshi vya kwenye egzosi, za magari mapya. Gari la babu halina kataliti. Nunua 20W-50 ya kawaida isiyo sinthetiki, ambayo haikubanwa na kikomo hicho, na uongeze chupa ya dawa ya kuzoeshea injini yenye zinki. Muulize fundi kama kemu na chini ya tapeti zilipakwa ile grisi nyeusi ya molibdenamu wakati wa kufunga. Akisita kujibu, toa tapeti uangalie, kwani 2F ina kifuniko cha pembeni kwa kazi hiyo.

Sasa, injini imekaa tangu Juni. Oili iliyopakwa kwenye beringi imeshashuka, na pampu ni kavu. Hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka. Kwenye 2F pampu ya oili inaendeshwa na mhimili wa distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, na hiyo ni bahati yako. Weka alama ya rota (kidole kinachozunguka ndani yake) inakoelekea na ya mwili wa distributa kwenye bloku, kisha ichomoe. Ukimulika tochi ndani ya tundu utaona mfuo wa pampu kule chini. Tafuta bisibisi bapa ndefu uliyokata mpini, ifunge kwenye drili, iingie kwenye mfuo huo, na uzungushe taratibu kuelekea upande uleule rota inakozungukia. Mwanzo drili itakimbia bure kama inakoroga maji. Baada ya muda itazama sauti na mkono wako utahisi inashikwa: oili imefika. Geji kwenye dashibodi ipande. Usiache hapo. Kifuniko cha valvu kiwe wazi, na mwenzako azungushe krenki robo mzunguko kila mara huku wewe ukiendelea na drili, mpaka oili ichuruzike kwenye roka zote, vile vyuma vinavyokandamiza valvu, ya mbele hadi ya nyuma. Filta uwe umeijaza kabla ya kuifunga. Ukimaliza, pima oili tena kwa kijiti na uongeze iliyopungua.

Distributa ikirudi, pistoni namba moja iwe juu kwenye kubana, si kwenye kutoa moshi. Namba moja na namba sita hupanda pamoja, kwa hiyo usiamini alama peke yake. Ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole huku mwenzako akizungusha, upepo ukikusukuma ndiyo yenyewe. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4. Kwenye fulaiwili kuna gololi ndogo ya chuma iliyozamishwa, inaonekana kwenye kidirisha karibu na stata. Hiyo ni nyuzi 7 kabla ya pistoni kufika juu, na inatosha kuwashia. Valvu kitabu kinataka milimita 0.20 za kuingiza na 0.35 za kutoa, injini ikiwa ya moto. Zipange hivyo sasa ikiwa baridi, utazirudia baadaye.

Petroli ya tangu Juni imwage. Pampu ya petroli ikiwa kavu itakudai stata ndefu, na stata ndefu ni kule kusaga kemu tunakokukwepa, hivyo jaza bakuli la kabureta kwa mkono kwa sindano kubwa isiyo na ncha, kupitia tundu la hewa, mpaka uone petroli imefika katikati ya kile kioo kidogo cha mbele. Rejeta ijae, bomba za hita ziwe wazi ili hewa itoke. Betri ichajiwe usiku kucha. Waya wa ethi kutoka injini hadi chasisi ndio watu wengi husahau kuurudisha. Gari liwe nje, limewekewa mawe, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, sio ndani ya stoo.

Halafu watu. Siku kama hiyo mtaa mzima huja, na kila mmoja ana ushauri. Unahitaji watu watatu tu: mmoja kwenye usukani macho kwenye geji ya oili, mmoja upande wa distributa, mmoja anayechungulia chini kama kuna kinachovuja. Wengine wakae mbali na waambiwe mapema kwamba hakuna kupaza sauti "zima tusikie!"

Piga stata. Ikiwa imepangwa kama nilivyosema itashika upesi. Kama haijashika kwa sekunde chache, acha, tafuta sababu, usiendelee kuichosha. Ikipiga kishindo kwenye kabureta, rota imekaa kinyume na unahitaji kuigeuza nusu mzunguko. Ikiwaka, vuta kebo ya resi ya mkono kwenye dashibodi hadi 2,000. FJ40 haina geji ya mizunguko, kwa hiyo azima mita ya fundi umeme. Presha ya oili isipoonekana ndani ya sekunde kumi, zima bila kujadiliana. Moshi mweupe kwenye manifoldi, lile bomba la kutolea moshi kwenye injini, ni mafuta ya mikono na rangi vinaungua, usishtuke. Manifoldi ikianza kuwa nyekundu, moto umechelewa, geuza distributa kidogo kidogo. Ikibidi kuzima kwa sababu ya mpira unaovuja, zima, kaza, washa tena na urudi 2,000 palepale. Dakika zinahesabiwa kwa jumla.

Baada ya hapo mwaga oili ikiwa moto, kata filta na ukunjue karatasi yake juani. Rangi ya kijivu ni ile grisi ya molibdenamu. Vipande vinavyometa na kushikwa na sumaku ni habari nyingine, niandikie tena. Rudia valvu, kaza hedi kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu.

Ringi, kwa upande wao, zinataka mzigo. Siku hiyohiyo toka kuelekea Boma Ng'ombe, gia ya tatu, kanyaga kutoka 40 hadi 70, achia lipungue lenyewe kwa gia, kanyaga tena, rudia njia nzima. Usipande Marangu kwa gia ya nne huku injini inalalamika. Badilisha oili tena kwenye kilomita 500. Na fundi wako usimfukuze. Mtu aliyefunga krenki ikazunguka vizuri ana thamani, ila siku ya kuwasha mwenye gari ni wewe.

SWALI: Habari za kazi, mzee. Je, 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, nayo inahitaji dakika 20 hizo za resi?
— Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Kemshafti ya 1HZ ipo juu kwenye hedi na inapata oili kwa njia yake, si kwa kurushiwa na krenki. Lakini drili hutaitumia, pampu inazungushwa na krenki. Chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia kwenye pampu ya dizeli ili isishike moto, piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe waya, utoe hewa kwa kile kipampu cha mkono juu ya filta ya dizeli, na kuwasha. Iache ipate joto kwa mizunguko kama 1,200 hivi, kagua mivujo, kisha iingie barabarani. Kutwa nzima ya sailensi hapa pia ni kupoteza dizeli, kwa kuwa kuta za silinda hung'aa kama kioo na ringi hazikai tena. Ndiyo maana dizeli iliyofungwa juzi inakula oili leo.

SWALI: Hujambo mzee. Injini ya Datsun 1200 yangu ilifungwa, ikafunikwa kwa nailoni, ikakaa miaka miwili Likoni bila kuwashwa. Nianzie wapi?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Anza kwa kutoa nailoni hiyo, imefungia unyevu wa bahari ndani. Toa plagi, mimina kijiko cha oili nyembamba kila silinda, iache hadi kesho yake, halafu jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikigoma usiongeze urefu wa mpini, fungua hedi. Kutu kwenye kuta za silinda ukiifuta kwa kitambaa ikabaki vidoa tu, una bahati. Ikiacha mashimo yanayoshika ukucha, bloku inarudi kwa mchongaji. Ikizunguka vizuri, fungua kifuniko cha valvu na mulika springi moja moja uone kama zina kutu kabla ya kununua hata tone la petroli.