Vidonge vya karotini kwa mama

Dada, unauliza kama umnunulie mama vidonge vya beta-karotini (kirutubisho cha mimea ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A) azeeke vizuri. Achana navyo, hasa kama anavuta sigara. Finland walivijaribu kwa wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, miligramu 20 kila siku. Matokeo ya 1994 yakaonyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa takriban asilimia 18. Imeongezeka, si kupungua! Chakulani ni habari nyingine: kisamvu, mchicha, boga, viazi lishe. Tia mafuta kidogo au tui la nazi (tui ndilo langu), maana karotini huyeyuka kwenye mafuta. Bila hayo mwili hufyonza kidogo tu. Ila kama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), asiongeze mboga za majani ghafla kabla ya kumwambia daktari.