Mpenzi Asiyeweza Kusema Uongo: Kwa Anayetaka Kuanza Riwaya za Wafei

Miezi ile niliyokuwa namuuguza mama, kila aliyeingia chumbani alisema uongo. Hawakuwa na nia mbaya. Jirani alisema rangi yake imerudi. Shangazi alisema mwezi ujao atakuwa anatembea. Mimi mwenyewe nilimwambia anaendelea vizuri, huku nikimgeuza upande kwa mikono miwili kwa kuwa hakuweza kujigeuza. Usiku alipopata usingizi, nilisoma. Rafiki alikuwa amenitumia riwaya ya mapenzi ya watu wazima kuhusu wafei, wale viumbe wa kichawi wa masimulizi ya kale, na nilipofika pale binti anapoambiwa kwamba viumbe waliomteka hawawezi kutamka uongo, niliweka simu kifuani nikatulia kwa muda. Nilitamani kukaa huko, hata kwa usiku mmoja.

Tangu hapo nimesoma nyingi. Anayeniuliza zina nini huwa namjibu kwamba makasri yanapendeza na uzuri wa wenyeji wake unavutia, lakini kilichonishika mimi ni neno. Humo neno likishatoka mdomoni limekuwa deni.

Wafei wametoka katika masimulizi ya kale ya Ireland na Uskoti: watu wazuri wa kutisha, wenye umri usiohesabika, wanaoishi ndani ya vilima. Kamusi zetu zina neno kichimbakazi, ila mimi nikilisikia naona kiumbe mdogo wa vitabu vya watoto. Yule mwenye mabawa ya kipepeo alienezwa sana na wachoraji wa Uingereza wa karne ya 19. Hawa wa riwaya ni wa zamani zaidi, waliokuwa wakiogopwa. Chuma huwadhuru. Ukila chakula chao huenda usirudi kwenu. Ukiwapa jina lako umewapa hatamu yako. Unalala kwao usiku mmoja, unarudi unakuta watoto wa wenzako wameoa.

Juu ya hayo waandishi wengi wa leo wameikaza ile kanuni ya ukweli. Mfei hasemi uongo, lakini anajua kukwepa. Muulize kama atakudhuru, atakujibu, "Sijawahi kumdhuru mgeni wangu." Unalala kwa amani. Asubuhi ndipo unapokumbuka kwamba hakukuita mgeni hata mara moja.

Sasa ingiza mapenzi humo. Mwanamume anampenda binti, na ana sababu nzito za kuficha. Binadamu angesema tu "sikupendi", yakaisha. Huyu hawezi, maneno hayo hayatoki. Kwa hiyo anauliza, "Nikupende ili iweje?" maana swali halina uongo. Au anasema, "Mtu wa cheo changu hapendi binadamu," naye anawasema wenzake. Au anaondoka chumbani. Msomaji makini anayaona mapengo hayo mapema kuliko binti mwenyewe, na kurasa mia tatu zinazofuata anazisoma moyo ukimwenda mbio. Siku mfei anapokosa njia ya kukwepa akatamka, hakuna cha kupima. Ni kweli kwa sababu imetamkwa. Sisi huku mtu akituambia anatupenda tunabaki na kazi ya kuchunguza macho, vitendo, miaka. Wasomaji wenzangu ninaozungumza nao, wengi waliwahi kuahidiwa kisha wakaachwa. Siwashangai wanapolia kwenye ukurasa huo. Mimi pia nililia.

Na kurasa za chumbani? Zipo, nyingine ni za wazi mno, na hakuna haja ya mtu mzima kuzionea aibu. Zilizoandikwa vizuri zinafuata mkondo uleule. Watu wanaojua kwamba kila neno ni mkataba husema wazi wanachotaka na wasichotaka, na mwenzao huuliza kabla ya kugusa. Nimejifunza humo namna ya kuomba na namna ya kukataa, mambo ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha.

Usiku mmoja mama aliamka akaniuliza nasoma nini. Nikaona haya kumweleza yote, nikamsimulia Tam Lin, wimbo wa masimulizi wa Uskoti ambao umetajwa tangu mwaka 1549, na ambao damu yake inatembea katika nyingi ya riwaya hizi. Binti Janet anachuma waridi katika msitu aliokatazwa, anatokea Tam Lin, wanapendana, Janet anapata mimba. Kumbe Tam Lin ni binadamu aliyetekwa na malkia wa wafei, na kila baada ya miaka saba wafei hulipa kodi kuzimu. Safari hii anahofia kodi ni yeye. Janet anatakiwa ajifiche njiani usiku, amvute kutoka kwenye farasi mweupe, amkumbatie. Wafei watamgeuza nyoka, watamgeuza simba, watamgeuza chuma cha moto. Asimwachie. Mama alinyamaza kitambo, akauliza, "Akamshika mpaka mwisho?" Nikamwambia, ndiyo, mama, akamshika mpaka akawa mtu tena. Hilo sikuhitaji kulipamba.

Ukitaka kuanza, usiamini rafu ya dukani wala jalada. Mfululizo wa wafei wa mwandishi Sarah J. Maas ulioanza mwaka 2015 uliuzwa kwanza kama wa vijana, na mwaka 2020 ukatolewa tena kwa majalada mapya, safari hii kwa watu wazima. Kwa hiyo kama unamnunulia binti yako, soma wewe kwanza. Tafuta tahadhari ambazo waandishi wengi huweka kurasa za mwanzo: utekwaji, mateso, kulazimishwa. Zipo riwaya ambamo mateka anampenda mtekaji na mwandishi haoni tatizo lolote. Nilisoma moja ya namna hiyo kipindi ambacho sikuwa na nguvu, ikaniumiza kwa wiki kadhaa. Ningeifunga sura ya tatu, nilipoanza kukunja uso. Funga kitabu. Hukukiapia.

Jingine linalonikera ni kile kifungo cha wenza, ambapo majaliwa yameshaamua kwamba hawa wawili ni wa kuwa pamoja. Mwandishi hodari hukitumia kuwatesa wahusika wake: nitajuaje kwamba ninakupenda kwa hiari yangu? Mvivu hukitumia kuruka uchumba wote. Tunataka huo uchumba, ndio tuliofuata.

Anza na riwaya inayoishia ndani ya kitabu kimoja, kabla hujajitosa kwenye mfululizo wa vitabu sita. Na ukifika pale binti anapofunga mapatano na mfei, usikimbilie ukurasa unaofuata. Rudia sentensi ya mfei mara mbili, neno kwa neno, utafute alichoacha kusema. Mara nyingi mwisho wa kitabu kizima umelala hapo.