Jibu la msomaji: Wakili wa Gettysburg na kifungu cha miezi sita

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza kama uwakili wa mji mdogo, katika zama ambazo wabunge wengi walitoka kwenye kazi hiyo, ulimwandaa mtu kutunga sheria au ulimnoa ulimi tu. Najibu kwamba ulimwandaa, na mfano wangu ni Thaddeus Stevens wa Pennsylvania, Marekani, ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili hawamjui kwa kuwa jina la Abraham Lincoln limewafunika wenzake wote wa enzi ile. Ulimi mkali Stevens alikuwa nao tangu ujana. Uwakili ulimwonyesha jinsi maneno machache ndani ya kifungu cha sheria yanavyoweza kumfungua mtu au kumwangamiza, na alilionyeshwa hilo kwa namna ambayo haimpi sifa hata kidogo.

Alizaliwa Danville, jimbo la Vermont, mwaka 1792, akiwa na mguu mmoja uliopinda. Baba yake, fundi viatu, aliitelekeza familia, na mama yake akahangaika hadi mwanawe akafika chuo cha Dartmouth. Baadaye alihamia York, Pennsylvania, akafundisha shule huku akijisomea sheria. Mawakili wa hapo walikuwa na kanuni iliyomzuia mtu aliyesomea sheria huku akifanya kazi nyingine asikubaliwe uwakili, kwa hiyo alivuka mpaka, akafanyiwa mtihani mfupi wa mdomo huko Bel Air, Maryland, na mwaka 1816 akafungua ofisi Gettysburg. Mji huo, ambao dunia ingeujua baadaye kwa vita, wakati huo ulikuwa makao madogo ya kaunti yenye wakulima wengi wa asili ya Kijerumani, karibu sana na mpaka wa Maryland, jimbo lililokuwa bado na watumwa. Mwaka uliofuata alimtetea mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, akijenga hoja kwamba hakuwa na akili timamu. Alishindwa, lakini wateja walianza kumtafuta.

Kisha ikaja kesi ya Charity Butler, nayo ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780, iliyokusudia kukomesha utumwa hatua kwa hatua, ilisema kwamba mtumwa aliyeletwa na mgeni jimboni humo na kuwekwa zaidi ya miezi sita hawezi tena kushikwa kama mtumwa. Charity alikuwa mtumwa wa Maryland aliyekodishwa kwa watu wengine, na hao walikuwa wakisafiri naye kuingia Pennsylvania na kutoka, mara kwa mara. Ukijumlisha siku zake zote, miezi sita ilipita. Stevens alisimama upande wa bwana mwenye mtumwa, akadai kwamba miezi hiyo lazima iwe mfululizo, wala siku haziwezi kuokotwa huku na kule zikajumlishwa. Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya jimbo ilikubaliana na upande wake, na Charity na watoto wake wakarudishwa utumwani.

Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani kwa muda mrefu, na najua kwamba kesi za namna hiyo hazipambwi na hotuba. Wakili huleta sheria iliyofunguliwa ukurasa wake, huweka kidole penye neno, na neno hilo linatosha. Stevens aliijua kazi yake, akaifanya vizuri, na mama mmoja akapoteza uhuru wake kwa sababu waliotunga sheria hawakuandika kama miezi ihesabiwe mfululizo au kwa kujumlishwa. Sitafuti kumtakasa. Ila ukitazama aliyoyafanya baada ya hapo utaona njia imebadilika kabisa: mwaka 1823, katika sherehe ya Julai 4, alinyanyua glasi akitaka rais ajaye awe mtu ambaye hajawahi kumfunga binadamu minyororo ya utumwa, na katika miaka iliyofuata aliwatetea watumwa waliotoroka bila kuwatoza ada.

Mwaka 1833 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo. Mwaka 1834 sheria ya shule za umma za bure ilipitishwa, na wakulima wengi wakaichukia kwa sababu ya kodi. Kufikia Aprili 1835 Seneti ya jimbo ilikuwa imekwisha kupiga kura ya kuifuta, na ilitazamiwa kwamba baraza la wawakilishi nalo lingeifuta. Waliotaka kuifuta walitaka kurudi kwenye utaratibu wa zamani, ambapo watoto wa maskini waliandikwa katika orodha yao ya pekee ili walipiwe ada. Hapo ndipo jicho la wakili lilipofanya kazi. Wengine waliuona utaratibu huo kuwa huruma kwa maskini. Stevens aliwaambia kwamba sheria ya namna hiyo ingefaa kuitwa sheria ya kuwapiga chapa maskini ili wajulikane mbele ya matajiri na wenye kiburi. Na kwa mlipa kodi alikuwa na hoja ambayo aliyezoea kuona watu kizimbani ndiye anayeijua vizuri: mtu huyo hulipa bila kunung'unika fedha za kuwaadhibu wahalifu, kisha analalamikia fedha ambazo zingemzuia jirani yake asiwe mhalifu. Ufutaji ulishindwa, na shule zikabaki. Alipozeeka aliihesabu kazi hiyo kuwa kubwa kuliko nyingine zote alizofanya, nami naona hakukosea, kwa kuwa mtoto wa fundi viatu aliyetoroka ndiye aliyekuwa akizungumza, na alijua orodha ile ingekuwa na jina la nani.

Kati ya mwaka 1837 na 1838 alikuwa mjumbe wa mkutano wa kuandika upya katiba ya Pennsylvania. Wenzake waliingiza neno moja lililowapa haki ya kupiga kura wanaume weupe peke yao, nayo ikawa hasara kwa watu weusi waliokuwa huru jimboni. Stevens alikataa kutia saini yake kwenye katiba hiyo. Tabia hiyo ya kusoma masharti kabla ya kukubali hakuiacha hadi mwisho: alikataa kuzikwa katika makaburi ambayo kanuni zake zilibagua rangi, akachagua dogo lililopokea watu wote, na sababu hiyo imeandikwa juu ya jiwe lake huko Lancaster.

Mji wa Lancaster alihamia mwaka 1842, akiwa amelemewa na madeni ya tanuru la chuma alilolimiliki, na uwakili ndio uliomsaidia kuyalipa. Huko, mwaka 1851, alikuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi katika kesi ya uhaini iliyofuata mapambano ya Christiana, ambako mwenye watumwa wa Maryland aliuawa alipokuja kuwakamata waliomtoroka. Mshtakiwa aliachiwa huru. Stevens aliingia Bunge la nchi mwaka 1849, akatoka mwaka 1853, akarudi mwaka 1859, akakaa humo hadi alipofariki Agosti 1868.

Kazi yake kubwa bungeni ilikuwa Marekebisho ya 14 ya katiba ya Marekani, yanayolikataza jimbo lolote kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Hapakuwekwa neno la rangi wala hesabu ya miezi. Imeandikwa mtu yeyote. Alitaka zaidi ya hapo, hasa haki ya kura, na tarehe 13 Juni 1866, siku Bunge lilipoyapitisha kwa mara ya mwisho, alikiri kwamba ni kazi yenye kasoro. Alisema anayakubali kwa sababu anaishi miongoni mwa watu, si miongoni mwa malaika. Ni kauli ya mtu aliyemaliza mashauri mengi kwa suluhu.

Jambo moja lilimshinda. Septemba 1865, miezi michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ambamo majimbo ya Kusini yenye watumwa yalishindwa, akiwahutubia majirani zake wa Lancaster, alipendekeza mashamba ya mabwana wakubwa wa Kusini yataifishwe, na kila mtu mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Mwaka 1867 alilipeleka pendekezo hilo bungeni kama mswada. Wengi wa chama chake mwenyewe walikuwa tayari kumpa mtu huru haki za raia, lakini kugusa hatimiliki ya shamba la mwingine waliona ni kuvunja msingi wa sheria walioufundishwa tangu ujana, na mswada haukupita. Watu waliolindwa na Marekebisho ya 14 wakabaki kulima ardhi ya mabwana wao wa zamani.