Jibu: Refleksi ya shavu la mguu katika kusimama na kutembea

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini refleksi ya shavu la mguu, yaani mkazo wa msuli usio wa hiari unaoamshwa kwa umeme nyuma ya goti, hudhoofika mtu aliyesimama anapoanza kutembea. Msuli haujachoka: mwaka 1986 watafiti Capaday na Stein walionyesha kwamba hata ukikazwa kwa kiwango kilekile, refleksi ni ndogo zaidi mwendoni, na inadhaniwa kwamba sababu kubwa ni uti wa mgongo kuzuia habari za neva kabla hazijafikia seli zinazouamuru msuli. Mtazame mchukuzi wetu hapa Lamu akishuka jahazini kwa ubao, gunia begani: katika mguu uliokanyaga refleksi hupanda kadiri mwili unavyosonga mbele; katika mguu ulio hewani karibu inazimika, na ni afadhali, maana ingeamka hapo ingevuta vidole chini vikajikwaa ubaoni.